Daraja la Kwanza

"Mbuzi pia! Mbuzi pia waingie kichakani!" Rachidi alifoka huku akikokota benchi la mwisho. "Na wewe mama mwenye mutoto, akilia tu, alors, umupe titi!"

Kufika saa nne asubuhi, kijiji kizima cha Lisombo, nje kidogo ya Kisangani, kilikuwa kimelala kifudifudi nyuma ya majani, wazee wakinung'unikia siafu. Na yote hayo kwa sababu ya kisanduku.

Unakijua: kile cha pembeni mwa ukurasa wa ensaiklopidia ya mtandaoni, kinachotaja jina la hifadhi, mahali ilipo, ukubwa wake na mengineyo. Rachidi, président wa kamati ya msitu wao, alikijaza mwenyewe kwa simu. Mkewe Aïcha alikuwa amefungua mgahawa wa liboke, samaki wa kuokwa kwenye majani, kwa ajili ya watalii. Tangu afungue hajaona hata mtalii aliyepotea njia. Maskini, alishachoka kula samaki wake mwenyewe.

"Dunia ikitusoma, itakuja," Rachidi alimwahidi.

Alipofika penye daraja la ulinzi, akakuta madaraja sita. Jamani, nani mwenye akili zake anachagua la sita? Mtoto wake akitoka shuleni na nafasi ya sita, nyumbani ni kilio. Akachagua la kwanza, akaenda kuoga akipiga mluzi.

Jana ndipo simu ikalia. Alikuwa mwanamke, Madame Joëlle, ndiyo kwanza ameshuka kwenye uwanja wa ndege wa Bangboka.

"Nimesoma kisanduku chenu, papa président. Daraja la kwanza! Donc hakuna mutu anaishi mule? Hakuna anayeingia?"

Loo! Kumbe daraja la kwanza maana yake ndiyo hiyo! Lakini président hasemi sijui.

"Hata mumoja, madame."

"Bon. Kesho nakuja kujionea."

Mkaguzi! Akikuta watu, ukurasa unafutwa, na Aïcha atapika mpaka uzee bila mgeni. Rachidi hakulala.

Sasa madame huyo hapo, anashuka kwenye pikipiki. Akatazama huku na huku, uso ukamshuka.

"Kumetulia kweli," alisema.

Kichaka kikakohoa.

"Nyani," Rachidi aliwahi kusema.

"Nyani wa huku wana mafua?"

"Mvua, madame. Mvua imezidi."

Akanusa hewa. "Na hii harufu ya liboke?"

"Ah, ile iko muti fulani. Asubuhi unanukaga vile."

Ndani ya majani mtu aliguna kwa hasira. Rachidi aliitambua sauti ya mkewe.

"Ni kusema hakuna hata mutu wa kupika?" madame akauliza, kama anayeomba.

"Wa kupika? Huku? Madame, mutu wa kwanza kukanyaga hapa iko mimi. Leo."

Madame Joëlle akahema, akavaa kofia yake ya pikipiki.

"Bon, pole kwa usumbufu. Niko na basi nzima ya wageni mujini. Wanatafuta kijiji cha ndani ya msitu, walale wiki nzima, wakule chakula cha mule mule, wacheze na batoto. Nilikuja nikiomba Mungu kisanduku chenu kiwe kimekosea."

Kabla Rachidi hajafumbua mdomo, kichaka kizima kikaitika:

"Kimekosea, madame!"