Dumu la Mwisho

Mwalimu wa bustani alichovya kidole kwenye dumu la dobi, akaonja.

"Haya ni safi," alisema.

Wazazi walitazamana. Kila nyumba ilileta dumu moja la maji kwa siku kumwagilia bustani ya shule, na sasa matuta mawili ya mchicha yalikuwa yameungua, majani yamejikunja kama karatasi iliyopitiwa na moto. Asubuhi nzima walikuwa wamemkalia dobi kooni kwamba analeta maji ya sabuni.

"Leo kaleta maji safi kwa kuwa anajua anachunguzwa," mwenyekiti wa wazazi alisema. "Tumtoe kwenye zamu, yaishe."

"Subiri. Limebaki moja."

Lilikuwa la mwalimu mwenyewe, maji ya kisima kipya nyuma ya nyumba yake, ambayo nyumbani aliyatumia kudekia tu, hakuwahi kuyaonja. Alichovya kidole ili mradi amalize, akakitia mdomoni.

Chumvi ikamuuma ulimi.

"Haya, mwalimu, tuandike jina la dobi?" mwenyekiti aliuliza.

Kidole kilikuwa bado kimelowa. Kisha akalinyanyua dumu lake, akaliweka miguuni pa dobi.

"Onja, dada," alisema. "Halafu uwaambie wewe."