Weka Chai

Kama kila asubuhi, muuguzi Bénita alikuwa akimimina maji ya dumu kwenye birika wakati mashine ilipolia. Maji yakamwagika mezani.

Kwenye skrini, mraba wa kijani ulikuwa umezingira kitu ndani ya utumbo. Akili bandia ya mashine ile haikuchoka kama watu. Kamera ilipopita penye uvimbe, hata mdogo kama punje ya mtama, ilichora mraba na kulia.

Dokta Kahindo akasimamisha mkono uliokuwa ukisukuma mrija wa kamera. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka mtaa wa Ndosho, nyayo zilimuuma, na kitu hiki hakikuwa punje ya mtama.

"Hii mashini yenu inaogopaka hata ganda ya maharagi," ikasema sauti ya muzee Hitimana, daktari aliyemfundisha kazi hii katika chumba hikihiki.

"Hakuna maharagi mule, papa."

Muzee akacheka. Picha ikatikisika.

"Basi rudia nyuma. Polepole, mama. Hauko ku pikipiki."

Akarudi nyuma. Mraba ukatokea tena mahali palepale. Kingo za kile kitu zilikuwa zimechimbika, na damu ilichuruzika.

Dawa ya usingizi ilikuwa haba, hivyo wagonjwa hapa walilala macho wazi wakisikia kila neno. Kwa kuwahurumia, muzee alikuwa ameanzisha desturi yake. Kamera ikikuta jambo baya, alisema tu, "Bénita, weka chai." Bénita alijua: lete chupa ya kuwekea kinyama cha kupimwa maabara, na uso usibadilike. Mgonjwa alidhani dokta amechoka, anataka chai. Wengi walirudi kwao Murara wakimsifu kwa upole, na jina la ugonjwa wakaambiwa watoto wao tu.

Kahindo naye alikuwa ameyasema maneno hayo mara nyingi mno. Siku hizi yalitoka yenyewe, kama pumzi.

"Bénita," alisema bila kuondoa macho kwenye skrini, "weka chai."

Bénita alishika chupa, asisogee.

Mkono mkavu ukatoka chini ya shuka, ukashika aproni ya Kahindo.

"Chai ile ni mimi niliianzisha, mutoto wangu," alisema muzee Hitimana, kichwa chake kikiwa juu ya mto. "Leo sema."

Kahindo akaondoa macho kwenye skrini, akamtazama.

"Naogopa ni kansa, papa."