Magunia ya Mchagoni

Melkiori alinyanyuka tena kitandani, akainua pembe ya godoro, akapapasa. Magunia mawili ya sukari yalikuwa palepale mchagoni, upande wa kichwa, yameliinua godoro hata aliyelilalia akaonekana ameegemea kiti. Tangu watoke misa hakuwa ametulia.

"Unafikiri yataota miguu, Baba Klara?" mkewe, Candida, alimwuliza.

Mwaka ule wa themanini na tatu, sukari iliyofichwa ilitosha kumpeleka mfanyabiashara wa Kariakoo kizuizini, na msako ulikwisha fika mtaa wa pili. Ajabu ni kwamba katika majuma hayohayo ya hofu ndipo kikohozi kilipomwacha. Kwa mwaka mzima kilikuwa kikimkaba kila alipojilaza, mpaka midomo ikabadilika rangi. Daktari alisema chanzo ni moyo: umepanuka.

"Moyo mkubwa, na kilo moja ya sukari hutuuzii?" Zahoro, msukuma mkokoteni wake, alimtania.

Sasa kila mtu alidai ushindi. Candida aliutaja mchanganyiko wake wa tangawizi na asali. Melkiori alijipongeza kwa kuacha sigara. Zahoro alimpigia chapuo mganga mmoja wa Msimbazi, ambaye hata hivyo hakuwahi kumwona mgonjwa. Muuguzi wa zahanati peke yake hakudai kitu. Siku alipompima aliuliza tu, "Mzee, unalalia mito mingapi?"

"Mmoja. Nimekuja kutibiwa, dada, sikuja kuuza matandiko."

Mchana ule uvumilivu wa Candida ulikwisha. "Umepona kifua, sasa unataka kufia gerezani?" Akamwita Zahoro. Magunia yakatoka chini ya shehena ya pumba za kuku, yakaelekea kwa kaka wa Candida, ng'ambo ya mto Msimbazi.

Wakaguzi walipiga hodi kabla pumba zilizomwagika hazijafagiliwa. Walifungua makabati, wakapindua godoro, wakachungulia hata ndani ya birika. Melkiori alisimama ukutani, mikono nyuma, akiyasikiliza mapigo ya moyo wake kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani.

"Samahani kwa usumbufu, ndugu," mkubwa wao alisema hatimaye, sauti yake ikionyesha kwamba hakuomba samahani.

"Kazi ni kazi, ndugu."

Walipotoka, Candida alitandika upya. Godoro likatulia, limenyooka kama meza, na juu yake akaweka mto wake mmoja.

"Lala sasa, Baba Klara. Hakuna tena cha kukunyima usingizi."

Melkiori akajinyoosha chali, akafumba macho, akashusha pumzi iliyokuwa imemkaa kifuani tangu asubuhi. Candida alikuwa hajafika mlangoni kikohozi kiliporudi.