Shimo Lililonyamaza

Bomba la chuma lililoshuka shimoni lilikuwa baridi sikioni mwangu, na lilikuwa kimya.

Mashimo mawili ya wachimbaji wa dhahabu yalijaa maji ya mvua hapa Kiabakari, watu wakiwa ndani, na pampu ni moja. Wa shimo la pili walijibu kila tulipogonga bomba lao. Kaka yangu Ngolo, aliyekuwa shimo la kwanza, pampu ilipokuwa, alijibu asubuhi, kisha akaacha.

“Wewe msomi,” mkuu wa machimbo alinishika bega. “Huko chuo kikuu, kompyuta zikifanya kazi pamoja, moja ikinyamaza mnafanyaga nini?”

Ngolo ndiye aliyemtangazia kila mtu ninachosomea. Alipopunguzwa kazi kiwandani, alishuka shimoni ili nisikatize masomo.

“Tunaiuliza tena na tena.”

“Isipojibu?”

Jibu nilikuwa nalo. Nililitetea mbele ya maprofesa bila kutetemeka.

“Tunaihesabu imekufa. Kazi inapewa zilizo hai.”

“Basi sema wewe, dada yake, kama pampu iende shimo la pili. Mimi siwezi.”

Niligonga bomba kwa jiwe mpaka vidole vikachubuka. Kimya.

“Hamisheni.”

Wakaibeba pampu mbio. Iliponguruma kule, watu wakashangilia. Mimi bado nilikuwa nimelikumbatia bomba. Kuna profesa aliniuliza swali moja nikashindwa kulijibu: utajuaje kama imekufa, au imechelewa tu?

Ndipo bomba likalia sikioni mwangu. Ngo. Mara moja, taratibu, kama mtu aliyehangaika muda mrefu kulitafuta jiwe gizani.