Mtoto wa Miaka Miwili

Mwanamume asiye na mtoto alishuka kwenye bodaboda mbele ya zahanati, kule Nkunga, barakoa usoni, akaja moja kwa moja kwenye foleni ya kliniki ya watoto.

"Mugonile," alisalimia. Hakumpa mtu yeyote mkono.

Veronika, aliyempakata mwanawe Obed, alimpima kwa macho kuanzia viatu hadi kofia. Wa mjini huyu. Watoto wanakohoa ndani, yeye kajiegemeza kwenye nguzo ya nje, ananyeshewa manyunyu, kana kwamba wenzake wamekaa zizini.

"Ingia, kaka. Nepi haziumi."

"Hapa panatosha, mama."

Wanawake walicheka.

"Mwanao yuko wapi?"

"Hayuko mbali."

"Ana umri gani?"

Alifikiri kidogo. "Miaka miwili."

"Miwili! Na chanjo ya surua hana?"

"Alikuwa nazo zote. Zikafutika."

Hapo hata Justa, mwenye haya kuliko wote, alicheka hadi kitenge kikamlegea. Chanjo zifutike, kama chaki ubaoni!

"Baba gani wewe?" Veronika alisema. "Mama yake yuko wapi akusikie?"

"Damu yake ni ya dada yangu, Ikupa."

"Ahaa, kumbe mjomba tu! Baba mwenyewe kajificha wapi?"

Veronika hakuona cha kumhurumia. Surua ilikuwa imeshaingia kijiji cha pili. Mvua ilikuwa imekata barabara, na nesi Janeth alikuwa na chupa moja tu ya chanjo. Kwa ajili ya chupa hiyo watu waliamka kabla ya jogoo, halafu huyu anakuja mikono mitupu!

Ndipo Obed akajichafua hadi mgongoni. Bomba lilikuwa nyuma ya jengo, na nyuma ya Veronika kwenye foleni alibaki yule mtu peke yake.

"We mjomba, nishikie nafasi. Walau uwe na kazi."

"Nenda, mama. Utaikuta, nakuahidi."

"Ahadi ya barakoa!" alimtupia akitoka.

Aliporudi, foleni ilikuwa imekwisha. Janeth alisimama mlangoni, uso mzito.

"Imebaki dozi moja, mama Obed. Ni ya kaka huyu."

"Ya huyu? Mtoto wake hata hajaletwa! Nilikuwa mbele yake mimi!"

"Ni kweli," yule mtu alisema. "Alikuwa mbele yangu. Nilimwahidi."

"Lugano." Nesi alishusha sauti. "Barabara haijulikani itafunguka lini. Mwaka jana mafua tu yalitutoa jasho. Surua ikifika je?"

"Nilimwahidi, nesi."

Janeth akaijaza sindano. Obed alipiga yowe, akabembelezwa, akanyamaza. Veronika alimfunga mgongoni kwa madaha ya mshindi.

"Haya, nesi, niambie. Huyo mtoto wake wa miaka miwili mnamficha wapi?"

"Hakuna mtoto. Uloto wa Lugano, ule wa mifupani unaotengeneza damu, ndio una miaka miwili," Janeth alisema bila kumtazama. "Alipandikizwa wa dada yake, saratani ya damu ilipompata. Kinga yote ya utotoni ikafutika."

Nje, kwenye manyunyu, Lugano alikuwa akishusha mkono wa sweta alioukunja hadi begani.