Cheti Kisichoaminika

Kumbukumbu za wazee waliougua maradhi ya kusahau zilitunzwa kwenye seva ya mbali, na kila asubuhi kompyuta ya nyumbani ilizivuta na kuwarudishia akilini. Hafswa alimfanyia hivyo mama yake, Bi Mwanakombo, kwa miaka mitatu.

Jumatatu moja kompyuta iligoma: "Cheti cha usalama cha seva hii hakiaminiki." Alipaswa kumpigia fundi wa seva na kusubiri. Lakini alikuwa anachelewa kazini, akabonyeza "Endelea hata hivyo."

Jioni alimkuta mama jikoni, mchangamfu, anakuna nazi.

"Karibu, binti," mama alisema. "Umekuja na Sabina wangu?"

Katika familia yao hapakuwa na Sabina. Hafswa alitoka uani, akampigia fundi.

"Ile haikuwa seva yetu," fundi alimwambia. "Imefuta kumbukumbu za mama yako, pamoja na nakala zilizokuwa kwetu, na kumwekea za mtu mwingine."

"Zinarudi?"

"Hazirudi, dada. Ndiyo maana kompyuta ilikuuliza."

Aliporudi ndani, mama alikuwa ameshampakulia wali.

"Kula, usione haya," alisema kwa upole. "Mama yako mzazi hajambo?"

Hafswa aliinamia sahani.

"Hajambo," alijibu.