Ama Mimi Ama Mwanakombo

"Futa kauli yako, Riziki. Saa kumi haijafika," Mwanakombo alisema ng'ambo ya ua, mwiko mkononi.

"Sifuti, shoga. Nimeshamwambia bosi, ama mimi ama wewe. Miaka sita unanisimanga mbele ya watu, nimechoka."

Mtaa mzima ulikuwa umetoka kusikiliza. Sheria ilijulikana: ukitoa kauli hiyo kazini, bosi huchagua mmoja kabla ya saa kumi, na anayeachwa hufutwa vichwani mwa wafanyakazi wenzake, kinyongo kisibaki. Riziki alijiamini, maana nani mwingine pale kiwandani aliyejua kuumua mikate kama yeye? Hata hivyo kila mara aliichungulia simu.

"Nilikushika mkono ulipojifungua," Mwanakombo alisema. "Na hilo nalo lifutwe?"

Riziki alifungua mdomo ajibu. Simu zao zikalia pamoja.

Mwanakombo alisoma yake, akainua macho, akamtazama Riziki kwa upole ambao hakuwahi kumwonyesha.

"Dada, mbona umesimama juani? Kuna mtu unamtafuta?" Akamfungulia mlango wa ua. "Karibu ndani, wali umeiva."